Kozi ya Lazima: Mjadala kuhusu Ujumuishi katika Idara ya Fasihi

Silabasi ya idara ya fasihi hugawa maandishi katika mafungu mawili: yale ambayo kila mwanafunzi sharti ayasome ndipo ahitimu, na yale anayoweza kuyachagua akipenda. Mgawanyo huu ndio unaoonyesha nani ana makao katika idara na nani amekaribishwa tu. Idara inaweza kuwa na wahadhiri wa makabila kumi, wanafunzi wa dini zote na mabango ya ujumuishi kwenye kila mlango, na bado fasihi ya watu wanaoizunguka ikawa kozi ya hiari inayofundishwa jioni kwa wanafunzi sita. Kwa sababu hiyo mjadala wa uanuwai na ujumuishi katika fasihi ni mpana kuliko ulivyo katika uhandisi au udaktari. Zaidi ya kuuliza nani anaingia darasani, huuliza kinachosomwa humo, kwa lugha gani, na nani anayetunga mtihani.

Afrika Mashariki ina kisa kinachotajwa duniani kote katika suala hili, nacho ni kile cha Nairobi mwaka 1968. Sauti nne zinasikika hapa zikikizunguka kisa hicho. Mhafidhina anatetea mapokeo ya idara ya Kiingereza. Mwanamageuzi ni mrithi wa hoja za Nairobi. Mshairi anasimama na fasihi ya Kiswahili, hasa ya pwani. Mwanafunzi ndiye anayelipa karo. Hakuna sauti iliyo ya mtu fulani. Zote ni za misimamo ambayo imekuwa ikigongana katika vikao vya vitivo kwa zaidi ya nusu karne.

Mtihani uliotoka London

Makerere ilianzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na wahitimu wake wakawa wanatunukiwa shahada za London. Kwa mwanafunzi wa Kiingereza, maana yake ilikuwa nyepesi kuelewa: mtihani uliopitishwa London ndio ulioamua kitabu gani kisomwe Kampala. Mwaka 1963 kilizaliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na mwaka 1970 matawi hayo yakawa vyuo vikuu vitatu kamili. Mamlaka ya kutahini yalirudi nyumbani haraka. Orodha ya vitabu ilichelewa.

Mwezi Juni 1962 Makerere iliandaa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Mwanafunzi mmoja wa chuo, aliyejulikana wakati huo kama James Ngugi, alipata nafasi kwa kuwa alikuwa amechapisha hadithi fupi chache kwa lugha hiyo. Shaaban Robert, aliyekwisha kuandika mashairi, riwaya, insha na wasifu wa kujaza rafu, hakuwa na sifa ya kualikwa, kwa kuwa kazi zake zilikuwa za Kiswahili. Alifariki mwezi huohuo. Mwaka uliofuata, Mnaijeria Obi Wali aliandika katika jarida la Transition, lililochapishwa Kampala, kwamba fasihi ya Kiafrika inayong'ang'ania lugha za Ulaya haina mbele.

Mhafidhina: Mkutano ule ulitaja mada yake tangu kichwa cha habari, na mkutano wenye mada una haki ya kuwa na mpaka. Idara nayo ni hivyohivyo. Nguvu ya mapokeo ya Kiingereza ni kina chake. Mwanafunzi anayeanza na Chaucer akafika kwa Eliot huona umbo la ushairi likizaliwa, likikua, likipingwa na likigeuzwa. Akipewa riwaya moja ya Nigeria, moja ya India na moja ya Jamaika, atazunguka dunia bila kushuka garini. Tena anayedhani Shakespeare ni mzigo wa mkoloni afikirie Nyerere, aliyemtafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, bila ya kushurutishwa na yeyote.

Mwanamageuzi: Hoja ya kina inakubalika kabisa. Linalobaki ni kina cha fasihi ya nani. Mfano wa Nyerere una uzito kwa upande wa pili, kwa kuwa alimleta Shakespeare kwenye Kiswahili na kuupima ushairi wake kwa masikio ya Waswahili. Kiswahili ndicho kilichokuwa mwenyeji. Nairobi ilidai jambo hilohilo kwa idara nzima.

Waraka wa Oktoba

Tarehe 20 Septemba 1968 James Stewart, kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza Nairobi, aliwasilisha mbele ya bodi ya kitivo cha sanaa mapendekezo kuhusu mustakabali wa kitivo. Hakuwa mtu wa kufunga milango. Alisema kwamba idara haikuwa na budi kupunguza uzito wa Uingereza na kuwafungulia mlango waandishi wa Kiingereza wa Marekani, Karibi, Afrika na nchi nyingine za Jumuiya ya Madola, pamoja na fasihi ya bara la Ulaya kwa ajili ya ulinganisho. Lakini uimara wa idara, kwa maoni yake, ulitokana na kufuatilia historia mfululizo ya utamaduni mmoja, ule uliozaa Magharibi ya leo.

Tarehe 24 Oktoba walijibu watatu: Ngugi, ambaye baadaye aliliacha jina la James na kujiita Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba, na Taban lo Liyong. Walitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake iundwe Idara ya Fasihi na Lugha za Kiafrika. Ikiwa lazima utafutwe utamaduni mmoja wa kufuatiliwa kwa kina, walidai, basi hakuna kizuizi cha huo kuwa wa Kiafrika, na tamaduni nyingine zikatazamwa kutoka hapo. Walipanga masomo kwa mizizi. Fasihi simulizi ilikuja kwanza. Ikafuata fasihi ya Kiswahili, pamoja na mikondo ya Kiarabu na ya Asia iliyofika katika eneo hili, kisha sehemu teule ya fasihi ya Ulaya, na fasihi ya kisasa ya Afrika ikiunganishwa na ile ya Karibi na ya Wamarekani Weusi. Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa vilipewa nafasi kuu, na lugha kama Kiarabu, Kihindustani, Kigikuyu, Kijaluo na Kikamba zingeongezwa kama kozi za hiari kadiri ilivyowezekana.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba upande mmoja ulipenda uanuwai na mwingine uliuchukia. Nyaraka zenyewe hazisemi hivyo. Stewart alitaka kuongeza, na watatu wale walitaka kuhamisha kitovu. Kila idara inayojadili ujumuishi leo, iwe Dodoma, Eldoret au Cambridge (ambako mwaka 2017 wanafunzi wa Kiingereza waliandika barua ya wazi wakidai mtaala ubadilishwe), hujikuta ikichagua kati ya njia hizo mbili, hata kama haijawahi kuyasikia majina hayo.

Mhafidhina: Kuongeza ndiyo njia ya busara, kwa kuwa haimnyang'anyi mtu. Taasisi inayopindua kitovu chake kila upepo wa siasa unapogeuka haitakuwa na kitovu hata kimoja. Isitoshe, wapinduzi wenyewe walifinyangwa na idara za namna ileile. Ngũgĩ alisoma Makerere na Leeds. Taban alisoma Marekani. Makali waliyoyatumia kuikata idara waliyanolea humo.

Mwanamageuzi: Njia ya kuongeza haigusi kipimo. Kitabu kilichoongezwa husomwa kwa mizani ya kitovu cha zamani: Achebe huletwa ili amjibu Conrad, na ngano ya mzee wa kijijini huletwa kama utangulizi wa riwaya. Okot p'Bitek anatosha kuwa ushahidi. Wimbo wa Lawino aliutunga kwa Kiacholi, lakini kilichotangulia kuchapishwa, mwaka 1966, ni tafsiri yake ya Kiingereza. Kiacholi kilisubiri hadi 1969. Aliyesimama kwenye mapokeo ya Kiingereza aliona kazi isiyo na baba wala mama. Anayezijua nyimbo za Waacholi huona mtu aliyerithi ngoma, dhihaka na malalamiko ya kwao akayapeleka kwenye ukurasa. Kazi ni ileile, na idara mbili zitaipa maksi tofauti.

Hapa Mwanamageuzi ana haki zaidi, na mabadiliko yaliyofuata yanamuunga mkono. Idara ya Kiingereza iliondoka na Idara ya Fasihi ikachukua nafasi yake. Fasihi simulizi ilipata kiti cha mbele, na wanafunzi wakatumwa vijijini kurekodi masimulizi ya bibi na babu zao, kazi ambayo hadi wakati huo ilionekana kuwa ya wanaanthropolojia. Ngũgĩ, aliyejiuzulu mwaka 1969 kwa sababu ya uhuru wa kitaaluma na kurejea 1971, alikuwa mkuu wa idara mwaka 1973. Mwaka 1974 mkutano uliofanyika Nairobi School uliupeleka mjadala kwa walimu wa sekondari. Leo fasihi simulizi ni sehemu ya kawaida ya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne nchini Kenya, na watahiniwa wengi hawajui kwamba kulikuwa na siku ambapo jambo hilo lingechekwa.

Kiswahili jirani

Ushindi huo una shimo, na Mshairi ndiye anayelionyesha.

Mshairi: Waraka wa Oktoba uliipa fasihi ya Kiswahili nafasi ya pili baada ya fasihi simulizi. Kilichotokea ni kwamba ilipelekwa idara nyingine. Nairobi iliifundisha chini ya isimu na lugha za Kiafrika, na Idara ya Fasihi ikaendelea kuisoma Afrika kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Nairobi akamfahamu Soyinka wa Nigeria kwa undani, asimfahamu Muyaka bin Haji wa Mombasa. Tena Muyaka si mwandishi mpya anayesubiri kutambuliwa. Alikuwa akitunga mwanzoni mwa karne ya 19. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, karibu karne mbili kabla ya Makerere kufungua darasa lake la kwanza. Idara iliyojinadi kuwa ya Kiafrika ilipita mlangoni pa fasihi andishi kongwe ya eneo lake bila kubisha hodi.

Mwanamageuzi: Kulikuwa na sababu. Wahadhiri walioweza kuufundisha utenzi wa Pate walikuwa wachache, na wanafunzi waliotoka bara, Uganda au Sudan hawakuwa wote na Kiswahili cha kutosha. Tena kutengwa huko kulizaa faida. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha Idara ya Kiswahili mwaka 1970, fasihi ya Kiswahili ilianza kufundishwa, kujadiliwa na kuandikiwa tasnifu kwa Kiswahili chenyewe. Euphrase Kezilahabi alitunga na kufundisha huko. Mwaka 2009 idara hiyo iliunganishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Kama Kiswahili kingebaki chumba cha nyuma katika Idara ya Fasihi, kingekuwa kozi moja ya hiari hadi leo. Nyumba yake ndiyo iliyokipa maprofesa, majarida na shahada.

Jibu hili ni zito, na Mshairi hawezi kulipuuza. Kujitenga kumewahi kuwa kinga kwa fasihi ambazo wenye nguvu hawazijali. Lakini kinga hiyo imelipiwa. Dar es Salaam leo kuna idara ya fasihi inayofundisha kwa Kiingereza, na ndani ya TATAKI kuna idara nyingine ya fasihi inayofundisha kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa kwanza anasoma nadharia, fasihi linganishi na riwaya za dunia. Wa pili anasoma Shaaban Robert, Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed na arudhi. Wote wawili wataitwa wataalamu wa fasihi, na wanaweza kuhitimu siku moja pasipo mmoja kusoma kitabu hata kimoja alichokisoma mwenzake. Maktaba ya chuo ina mkusanyo wa miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu, ambao katalogi yake ilichapishwa na J. W. T. Allen mwaka 1970. Asiyezisoma herufi hizo hupita karibu nayo kama anavyopita karibu na sanduku lililofungwa.

Mhafidhina: Na Kiswahili kinachodaiwa kuingizwa ni kipi? Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji wa Kiswahili ilifanya kazi juu ya Kiunguja kilichokwisha kuchaguliwa kuwa msingi. Tangu hapo Kiamu na Kimvita, lahaja za tenzi na mashairi makongwe, husomwa kwa maelezo ya chini ya ukurasa. Kila anayelalamika kutengwa na Kiingereza ana mtu aliyemtenga yeye.

Mshairi: Lawama imefika. Ugomvi wa mashairi huru ni kielelezo chake. Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za utungaji mwaka 1954, na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, chenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, wako waliosema kwamba huo haukuwa ushairi wa Kiswahili. Wengine walisema hivyo kwa uchungu wa haki: mapokeo ya pwani yalikuwa yakipokonywa wenyewe na wasomi wa bara waliokaa vyuoni. Wengine walisema hivyo kwa sababu tu mlango ulikuwa wao. Pande zote mbili zilidai kutengwa, na hakuna iliyokuwa ikidanganya.

Mwanamageuzi: Mipaka ya Kiswahili haikomei Lamu wala Songea pia. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani na wafanyakazi wa migodi wa Katanga. Ni mojawapo ya maandishi ya ajabu mno ya karne ya 20 katika lugha hii: mtumishi anamsimulia bwana wake. Aliyeyatia machoni pa wasomi ni mwanaanthropolojia, Johannes Fabian, mwaka 1990. Idara ya Kiswahili ikiyapima kwa sarufi sanifu itaona makosa tu.

Ni vigumu kupata jibu la kumaliza suala hili, na pengine halihitajiki. Usanifishaji uliwezesha vitabu vya shule, magazeti na mitihani ya nchi kadhaa. Idara ya fasihi, hata hivyo, haina wajibu wa kuandika barua za ofisi. Inaweza kusoma Kiamu kama Kiamu, Kingwana cha Kongo kama Kingwana na Sheng kama Sheng, mradi mwanafunzi aelewe kwamba usanifu ni uamuzi uliofanywa na watu mwaka fulani kwa shabaha fulani.

Darasani kwenyewe

Mwanafunzi: Wazee wamezungumza juu ya lugha na mabara. Waliosaini waraka wa Oktoba wote walikuwa wanaume, na orodha ya vitabu teule ingali na sura hiyo. Mwana Kupona hutajwa kila mwaka, na kila mwaka utenzi wake husomwa kama wosia wa mke mwema, pasipo kuulizwa kwa nini mwanamke wa katikati ya karne ya 19 alikuwa na ustadi wa kutunga namna ile, nani alimfunza, na nani wengine walitunga wasihifadhiwe. Maisha ya msichana anayenyanyaswa yamefundishwa kwa miaka mingi kupitia Rosa Mistika ya mwaka 1971, riwaya iliyopigwa marufuku shuleni kwa muda. Ni kazi nzuri, na mwandishi wake ni mwanamume.

Mwanamageuzi: Madai hayo ni ya kweli, ingawa historia si tupu. Penina Muhando aliandika Hatia mwaka 1972 na akachangia kuifanya tamthilia ya Kiswahili kuwa somo la chuo kikuu pale Dar es Salaam, pamoja na kazi ya sanaa za maonyesho vijijini. Mĩcere Mũgo, aliyeshirikiana na Ngũgĩ kuandika tamthilia ya Dedan Kimathi iliyotoka mwaka 1976, alifundisha fasihi Nairobi na akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kitivo cha chuo kikuu nchini Kenya.

Mwanafunzi: Na Mũgo akalazimika kuondoka nchini mwaka 1982.

Jibu hilo fupi linaleta jambo ambalo mijadala ya ujumuishi hulisahau. Mtaala husimama juu ya watu, na watu hufutwa kazi. Ngũgĩ alitiwa kizuizini tarehe 31 Desemba 1977, baada ya tamthilia ya Kigikuyu aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuchezwa na wakazi wa Kamĩrĩĩthũ. Alipoachiliwa Desemba 1978 hakurudishiwa kazi yake chuoni. Alamin Mazrui, mtunzi wa Kilio cha Haki cha mwaka 1981, aliwekwa kizuizini mwaka 1982 akiwa mhadhiri. Jambo moja linajitokeza katika visa hivi. Ngũgĩ alikuwa ameandika riwaya kali kwa Kiingereza, ikiwemo Petals of Blood ya mwaka huohuo wa 1977, bila kukamatwa. Alikamatwa fasihi ilipoanza kuongea lugha ya wakulima na kuchezwa nao. Idara isiyoweza kumlinda mhadhiri wa aina hiyo itakuwa na uanuwai wa majina tu, na wahadhiri wake watajifunza haraka ni kazi zipi zisizo na hatari.

Mwanafunzi: Kuna na wale wasiofika hata kwenye ugomvi huo. Asiyeona hupewa orodha ya vitabu kumi katika juma la kwanza, na nakala ya breli ya riwaya moja ni mabuku kadhaa ambayo mara nyingi hayajachapwa. Anamtegemea mwenzake amsomee. Kiziwi huingia kwenye kozi ya fasihi simulizi inayodhani kwamba fasihi lazima isikike, ilhali viziwi wana masimulizi na mashairi yao ya ishara ambayo hayamo katika silabasi yoyote ya mwaka wa kwanza.

Mhafidhina: Hapo hakuna ubishi wa nadharia. Ni suala la fedha.

Si la fedha peke yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya, breli na njia nyingine za mawasiliano kwa wenye ulemavu, na imeziweka pamoja katika kifungu kimoja. Idara ya fasihi ingeweza kufuata mfano huo bila ya bajeti kubwa: kutangaza vitabu vya lazima muhula mmoja kabla ili vitayarishwe kwa breli au sauti, na kuihesabu sanaa ya ishara kuwa fasihi. La kwanza ni utaratibu tu wa ofisi. La pili linagusa kipimo, na ndiyo maana huchelewa.

Peponi isomwe wapi?

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kent nchini Uingereza, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake Paradise, ya mwaka 1994, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Inasimulia kijana aliyewekwa rehani kwa mfanyabiashara wa pwani, misafara ya bara, Wahindi, Waarabu, Waswahili na Wajerumani wanaowasili. Kwa idara za eneo hili ni mtihani mzuri.

Mhafidhina: Ni riwaya ya Kiingereza. Isomwe kwenye idara ya Kiingereza.

Mshairi: Imejaa pwani, misafara na masimulizi ya Waswahili, na sasa imo katika Kiswahili. Idara ya Kiswahili ina haki nayo, si kama tafsiri ya kigeni bali kama mwana aliyerudi.

Mwanafunzi: Isomwe mahali ambapo matini zote mbili zitakuwa juu ya meza moja, na Mswahili aliyeisoma kwa Kiswahili asiadhibiwe kwenye mtihani.

Kauli ya tatu ndiyo yenye nguvu, na inaonyesha kazi iliyobaki. Kuunganisha idara mbili kuwa moja kungeweza kukirudisha Kiswahili kwenye chumba cha nyuma alichokihofia Mwanamageuzi, kwa hiyo muungano wa jumla haufai kuharakishwa. Kinachowezekana mara moja ni kozi ya lazima ya mwaka wa kwanza inayomilikiwa na idara zote mbili na kufundishwa na wahadhiri wa pande zote. Humo utenzi wa karne ya 18, Wimbo wa Lawino, Peponi na ngano iliyorekodiwa na wanafunzi wenyewe vitasomwa kwa uzito uleule, na mtahiniwa atachagua kujibu kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Ugumu wake unajulikana. Mhadhiri wa Kiingereza asiyesoma Kiswahili atalazimika kukisoma. Mhadhiri wa Kiswahili aliyezoea kuwa peke yake atahojiwa na wenzake. Mtahini wa nje atapaswa kuwa mtu wa lugha mbili, na seneti italazimika kukubali kwamba maksi za kozi moja zinaweza kutolewa kwa majibu ya lugha mbili.

Mhafidhina anabakiza swali la haki: je, Shakespeare na Chaucer watakuwa wapi? Watakuwepo, kwa hiari ya anayewataka, na kwa kina atakachotaka. Watakuwa pale alipowekwa Muyaka kwa miaka yote hii. Anayeona nafasi hiyo ni ndogo mno kwao ameshakubali kwamba ilikuwa ndogo mno kwa Muyaka.

Wakuu wa idara watakaokutana kupitia mitaala yao waanze na ukurasa wa kozi za lazima, kisha ndipo wafike kwenye mabango.